Mzee Kantri Anarudi kwa Mwenye Wimbo

Baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha redio, fundi mitambo wetu mkuu anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Mzee Kantri, kwa ajili ya gitaa lake na zile nyimbo za mapenzi za polepole za mtindo wa kantri ambazo haachi kuzipiga hata tumpigie magoti.

Alianza kwa kukunja nyaya na kuchemsha chai, akapanda hadi mtambo ukikohoa tu anajua unaumwa wapi. Karibu mafundi wote mnaowaona hapa ni wanafunzi wake, na hakuna aliyefundishwa bila kusimuliwa habari za mkewe.

Hata hivyo, ndoa hiyo nusura ivunjike. Miaka ya mwanzo Mzee alishinda na kukesha studio, mpaka mama watoto akafunga virago akaenda kwa dada yake. Mzee akatunga wimbo wa kumwomba radhi. Mchana mmoja aliufanyia mazoezi studio, akasahau kuzima kipaza sauti. Badala ya taarifa ya habari ya saa saba, wasikilizaji walimsikia mwanamume akiapa kwamba wali wa mkewe, hata ukiungua, unaushinda wa hotelini.

Mkurugenzi alimpa onyo kali. Shemeji yetu naye alitua mapokezi alasiri ileile, mkoba mkononi, akatangaza kwa sauti iliyofika ghorofani kwamba yeye hajawahi kuunguza wali, na ubeti huo urekebishwe haraka. Kisha wakaenda zao nyumbani pamoja. Tangu hapo, kila mwaka siku ya ndoa yao Mzee huongeza ubeti, na mkewe huukagua kama mhariri mkuu. Wimbo umerefuka hadi hakuna kipindi kinachoutosha.

Uongozi ulimwomba aongeze mkataba wa miaka miwili. Kusema kweli, tulitamani akubali, maana mtambo mpya bado unatutoa jasho. Alikataa kwa upole: mkewe amekula chakula cha jioni peke yake vya kutosha.

Asante, fundi wetu, kwa kutufanya tusikike. Tutakukosa sana. Shemeji hayupo ukumbini. Ametuma ujumbe kwamba miaka yote amemsubiri mumewe nyumbani, na leo atampokea palepale. Kwa hiyo, pamoja na kuwatakia afya na jioni ndefu za watu wawili, tunawaomba wazungumzaji wote wafupishe hotuba. Chakula kiko mezani.