Rimu Alizozirudia Akimana

Wasikilizaji wapendwa, kila asubuhi Akimana alifika bandani kabla ya mwalimu wake. Alifagia, akanyunyizia maji vumbi la mlangoni. Kisha alizichukua rimu za pikipiki zilizosukwa jana na kuzinyoosha upya, mojamoja, haraka. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, rimu ikiwa bado inazunguka, alisikia sauti nyuma yake.

"Hiyo si niliimaliza jana?"

Alikuwa Mzee Makarius mwenyewe. Ndiye tunayemkumbuka leo. Mzee Makarius, fundi wa rimu wa Kasulu, aliyefariki Ijumaa iliyopita na kuzikwa nyumbani kwake Makere.

Mzee alianza kusuka rimu za baiskeli akiwa kijana, katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Pikipiki zilipojaa mjini, akahamia huko na kusuka za pikipiki. Akimana alitoka Kitahana, kule Kibondo, kuja kujifunza kwake. Bodaboda walimcheka sana, na Hilali wa kijiwe cha jirani ndiye aliyeanza.

"Mzee, huyu dada atanisukia rimu au nywele za mabutu?"

"Vyote. Hata kichwa chako kimepinda," mzee akamjibu.

Alimfundisha taratibu. Spoku hii ipite nje, hii ndani, zipishane. Kisha kunyoosha. Mzee alishikilia chaki karibu na ukingo, rimu ikizunguka. Inapoyumba, chaki inaacha alama. Hapo unalegeza spoku za upande wenye chaki, unakaza za upande wa pili. Siku za mwanzo Akimana alikaza kwa nguvu zake zote, spoku ikakatika na kumchana kidole.

"Robo tu, mwana wanje," mzee alimwambia kwa Kirundi cha kwao, yaani mwanangu, kama anavyoitwa mtoto wa kuzaa. "Kaza robo, halafu itazame kwanza."

Mwaka jana macho ya mzee yaliingia ukungu. Alama ya chaki akawa haioni vizuri. Rimu zikaanza kurudi. Hilali akamvuta Akimana pembeni.

"Dada, hii inatembea kama mlevi. Mzee usimwambie, utamuumiza. Inyooshe wewe."

Akainyoosha. Akanyoosha na nyingine. Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi. Mara nyingi alitaka kusema, mzee, twende ukapimwe macho. Akitazama ule uso uliokuwa ukimchekea, anashindwa. Kushika spana kulikuwa rahisi zaidi.

Asubuhi ile ya mwezi wa pili mzee alipomkuta, hakugomba. Aliipapasa ile rimu, akauliza, "Ni hii tu?" Akimana akamsogezea nyingine mbili. Mzee akaelewa.

"Basi umeiva," akasema. Akachukua koti lake, akarudi Makere. Hakufika bandani tena.

Akimana alikuwa akienda kumwona kila Jumapili. Mzee anauliza, "Banda linaendaje?" Naye anajibu, "Vizuri, mzee." Wanaishia hapo.

Msibani, mjane wa marehemu, Mama Kezia, aliyasema haya mbele ya watu: "Binti akishaondoka, mzee alikuwa ananiambia, 'Yule hanihitaji tena.' Nikamwambia, si umuulize? Akakataa. Alikuwa mbishi, jamani."

Akimana alikuwa amekaa mkekani, karibu naye. Ndiyo mara yake ya kwanza kusikia hivyo.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Kezia, watoto, wajukuu na mafundi wenzake wote. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu unayemficha jambo kwa kumwonea huruma, mfikirie leo, angali yupo.

Akimana yuko nasi hapa studio. Ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ameomba aseme na mzee. Karibu, Akimana.

"Mzee, nilikosa. Nilipaswa kukupeleka kwa daktari wa macho, nikakuficha. Niliogopa utaacha kazi, na mimi ndiye niliyekufanya uache. Kila Jumapili nilikuwa nakuja kukuambia urudi. Nikifika nasema vizuri. Haikuwa vizuri, mzee. Nilitaka urudi, hata kama ni kukaa tu pale unigombeze."