Masikio ya Kinyozi Ulingoni

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la Waya, fundi wa televisheni na redio. Ukikaa pale unavuta harufu mbili kwa mpigo: waya zilizoungua ndani, na kahawa ya Bi Birika nje. Wenye benchi tunajulikana. Yupo Mwalimu Nukta, aliyestaafu kufundisha ila hajastaafu kusahihisha. Yupo Randa, seremala, ambaye kila jambo ana methali yake, na kila methali anaipeleka kwenye jambo lisilo lake. Yupo Waya mwenyewe, anayekaa nusu ndani nusu nje. Mimi nashona viatu pembeni yao, kwa hiyo nasikia yote, na mara nyingi mdomo wangu una uzi. Na yupo Kinyozi, mwenye duka la kunyolea ng'ambo ya barabara, ambaye mambo haya yalipoanza hakuwepo.

Alikuwa ameenda ukweni kumsaidia baba mkwe kuezeka nyumba. Alituaga kwa maringo kidogo, maana mkwe yule tangu amuoze binti yake hakuwahi kumwomba hata maji ya kunywa. Alipoondoka, kijiwe kikapoa. Kinyozi ndiye mtu wetu wa habari. Anayeshinda na vichwa vya watu mikononi atakosaje habari? Bila yeye tulibaki kuhesabu mbuzi wanaovuka barabara, na hata mbuzi siku hizo walikuwa wachache.

Ndipo Waya akalitoa tena gemu la ndondi aliloachiwa na mteja aliyehama, lile tulilomwambia Kinyozi kabla hajasafiri kwamba halina ladha, akaliunga kwenye televisheni, akaitoa nje, akaigeuza itazame benchi. Mwanzoni lilituchosha. Mabondia wa humo walikuwa watu wa mbali, vifua kama makabati, na kumpiga mmoja wao ilikuwa sawa na kuipiga picha ya kalenda. Randa alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, akashinda, akalirudisha akisema bora kuangalia rangi ikikauka kwenye mlango, walau mlango ni wa mtu unayemjua.

Waya akachokonoa mpaka akakuta ukurasa wa kutengeneza bondia wako mwenyewe. Unachagua pua, unachagua tumbo, unavuta masikio mpaka yafike unapotaka. Akayavuta. Akatuangalia. Akayavuta tena. Akarefusha shingo, akachora ndevu nyembamba kama uzi wangu wa kushonea, akaweka mwendo wa mtu anayetupa mikono kama anafukuza nzi. Hakuna aliyetaja jina. Waya alipoliandika mgongoni mwa joho, KINYOZI, Mwalimu Nukta alisema tu kwamba herufi zimenyooka.

Tangu hapo benchi halikutosha. Tulipokezana pedi, kile kidude cha vitufe cha kushika kwa mikono miwili, na kila mtu kwa zamu yake akamtandika Kinyozi. Anaanguka, anainuka. Anaanguka, anainuka. Mwalimu Nukta, mtu na heshima zake, alimchapa konde la tumbo kisha akavua miwani kufuta machozi ya kicheko. Wapita njia walisimama. Randa aliacha mlango wa mteja umelala chali kwenye karakana yake, nusu una bawaba na nusu hauna.

Kinyozi akarudi asubuhi moja, pua imebabuka kwa jua la juu ya paa. Waya alimwona anavuka barabara, akaizima televisheni kwa kasi ambayo hajawahi kuitumia kwenye kazi ya mteja. Kinyozi akatushika mkono mmoja mmoja, akatuletea salamu za mkwe, akakaa katikati yetu mahali pake. Akaeleza kwamba tangu kule kona alikuwa anaona watu wamejazana hapa kutazama gemu. Kwake wateja wakisubiri kidogo wanachoka, wanakwenda kunyolewa kwingine. Sasa kama kitu hiki kimeweza kumtuliza hata Randa, naye atatafuta cha kwake aweke dukani. Ila kuna jambo anataka kulielewa kwanza.

— Mliniambia gemu hili halina ladha, akasema. Nimeondoka, limepata ladha. Utamu wake ni nini?

Hapo ndipo uongo ulipoanza, na ulianza vizuri. Mwalimu Nukta alijibu kwamba utamu uko kwenye pumzi. Bondia wa humu, alisema, pumzi yake ina kipimo. Ukirusha makonde ovyo, mikono inakuwa mizito, inashuka, unabaki uso wazi kama sahani. Mchezo unaokupa kila kitu hauna raha. Raha ni kunyimwa kidogo ujifunze kungoja. Kusema haki, maneno hayo yalikuwa na maana, na tungeishia hapo tungepona. Lakini Kinyozi alifikiri, akauliza kama kabla hajasafiri mabondia hawakuwa na pumzi.

Mwalimu akanywa kahawa. Randa akamwokoa. Yeye alidai utamu ni sauti. Konde la taya linalia kama mbao ngumu, la mbavu linalia kama mbao laini, na seremala wa kweli anaweza kucheza amefumba macho, akajua kwa mlio tu ni wapi pamepigwa. Wahenga hawakukosea, alisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinyozi akauliza ufa gani. Randa akajibu ufa wa sikio, kisha akasikia mwenyewe alichosema, akapaliwa, tukampiga mgongoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Waya akaona mambo yanaharibika, akaongeza la kwake, la kitaalamu. Utamu ni jasho. Mabondia wakitoka jasho, alisema, kioo cha televisheni kinatoa ubaridi, na benchi zima linapoa kama liko chini ya feni. Ndiyo maana watu wanajaa mchana, jua likiwa kali. Aliapa kwa pasi yake ya kuchomelea. Mwalimu, ambaye maisha yake yote alichapa watu kwa uongo mdogo kuliko huo, akaunga mkono, akaongeza kwamba gemu linateremsha presha, na kwamba yeye tangu aanze kulicheza anapanda ngazi kama kijana. Nyumba ya Mwalimu haina ngazi. Kinyozi akanigeukia mimi. Nikatoa uzi mdomoni, nikasema ni viatu. Viatu vya mabondia wale vimeshonwa vizuri sana.

Kinyozi aliitikia kwa kichwa kila jibu, polepole, kama anayeyaweka mahali. Alituamini. Hilo ndilo lililotufanya tusiangaliane.

— Basi nipeni pedi, akasema. Niuonje mwenyewe.

Waya alisema pedi inapiga shoti. Mwalimu alisema ni vibaya kucheza na uchovu wa safari. Randa alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ambayo haikumsaidia mtu. Bi Birika alimjazia Kinyozi kikombe, na kabla hajakipokea Kinyozi alikuwa ameshanyoosha mkono akaiwasha televisheni.

Muziki ukalia. Taa za ulingo zikamulika mlango, na mlangoni akatokea mtu anatupa mikono kama anafukuza nzi. Akageuka kuvua joho, jina likaonekana. Akageuka tena kutazama watazamaji, na masikio yakachukua nafasi yote iliyobaki kwenye kioo.

Kinyozi aliinuka, akasogea mpaka pua yake iliyobabuka ikakaribia kugusa ile nyingine. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, bila hasira:

— Masikio yangu yako hivi?

Barabarani ilipita baiskeli, na wote tukaitazama mpaka ikapotea. Randa akanong'ona kwamba mficha uchi hazai. Mwalimu akamkanyaga mguu.

Kinyozi akarudi kwenye benchi, akashika pedi, akaanza kucheza. Alijichezea mwenyewe, yule mwenye masikio, na mbele yake alikuwa bingwa mmoja mwenye kifua kama kabati. Hakujua vitufe. Alitandikwa. Mwanzoni tulikaa kama watu waliofumaniwa, lakini alipoangushwa mara ya kwanza na kuinuka, Waya alimwambia ainue mikono. Alipoangushwa tena, Mwalimu alimshauri atunze pumzi. Raundi iliyofuata sote tulikuwa tumesimama tunamwelekeza kwa pamoja, kila mtu kitufe chake, na Randa alikuwa anakwepa makonde yeye mwenyewe pale alipo, bega lake linagonga ukuta. Watu wale wale tulioshinda wiki nzima tunamlaza chini, sasa tunamwomba refa ahesabu taratibu.

Alishindwa kwa pointi. Lakini kengele ya mwisho ilimkuta amesimama, na yule bingwa alikuwa anahema kama mbwa. Kinyozi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu awashe televisheni.

— Waya, akasema, umenifanyaje mpaka kila nikianguka nainuka?

Waya akaona amepata njia ya kujisafisha. Akaeleza kwamba bondia anapotengenezwa kuna vipimo: nguvu, kasi, taya na moyo. Ukikijaza kimoja, kingine kinapungua. Yeye alichukua nguvu yote akaihamishia kwenye moyo.

— Nilikujazia moyo, ndugu yangu. Mpaka juu.

Kinyozi aliinamisha uso, na nadhani angekubali kuishia hapo, akaenda kumsimulia mkewe. Sote tuliona jambo limepoa. Ila Randa hajawahi kuona jambo limepoa akaliacha.

— Ili tukupige muda mrefu, akafafanua. Wengine walikuwa wanaisha upesi.

Pedi ikawekwa chini ya benchi, kwa utaratibu, kama mtu anayeweka yai. Kinyozi akasema kwamba sasa ameelewa. Si pumzi, si jasho, wala si viatu.

— Utamu wenyewe ni mimi kupigwa.

Akasimama. Akakung'uta suruali. Tulijua kabisa kwamba akivuka ile barabara na moyo ule, atanyoa watu huko mpaka azeeke na hatakaa tena hapa.

Bi Birika ndiye aliyesema. Hajawahi kushika pedi hata siku moja. Hukaa pembeni yetu na jiko lake akituona sote.

— Kaa, mwanangu, akasema. Siku ulipoondoka hawa walikaa hapa kama kuku walionyeshewa. Hata kahawa hawakuimaliza. Wanaume hawa hawajui kusema mtu amekosekana. Wakikukosa, wanakuvuta masikio.

Waya alianza kutafuta kitu ndani ya mfuko wa shati usio na kitu. Kinyozi alibaki amesimama, mguu mmoja barabarani, anatupima kama mtu anayeamini nusu.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amefika na pasi yake ya umeme iliyokufa, anamsubiri Waya. Hakuwa mtu wa pale. Alitusalimia, tukaitikia, akaitazama televisheni, akamtazama Kinyozi, akayatambua masikio bila kuambiwa. Akaangalia orodha yote ya mabondia iliyokuwa kwenye kioo, toka juu mpaka chini, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka.

— Huyu nimemwona, akasema. Na nyinyi wengine mbona hamumo?

Waya akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Randa. Randa akatafuta methali, tukaona kabisa anaitafuta, midomo ikicheza, asiipate. Mimi nikarudisha uzi mdomoni ingawa nilikuwa sina kiatu mkononi. Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa tone moja, likakoma.

Kinyozi akaurudisha mguu wake kutoka barabarani. Akaiokota pedi, akakaa, akamwomba yule mama amwonyeshe, tafadhali, ni kitufe gani kinachofungua ukurasa wa kutengeneza mtu, maana wenye gemu wamepatwa na ububu. Wakaupata wote wawili. Kichwa kikatokea kwenye kioo, kipara, hakina uso, kinangoja.

Na huyu ni mtu ambaye vichwa vyetu vyote vimepita mikononi mwake kwa miaka. Anajua bonde lililoko nyuma ya kichwa cha Mwalimu. Anajua utosi wa Randa, uliolala kama ubao. Anajua ni kwa nini Waya haondoi kofia, na anajua kovu langu nilipolipata. Akalivuta benchi karibu na kioo, nasi tukiwa juu yake, akampima Waya upande wa kulia, akampima upande wa kushoto, akalamba midomo.

— Tulieni, akasema.

Na sote, kwa mazoea, tukainamisha vichwa.