Scholastique Nabintu na Mihogo ya Rukaramu (1974–2025)

Padri, wakubwa wa familia zote mbili, majirani wa Gihosha na wa Musaga, na nyinyi mliokuja kwa miguu kwa sababu gari zimekosa mafuta, asanteni kwa kufika. Naitwa Patricia, mdogo wake marehemu, yule wa duka la vitambaa pale Asiatique. Kuna maneno ya mwisho nitakayosoma ambayo hamtayaona kwenye karatasi mlizo nazo. Mzee wetu Astère, baba mkubwa wa shemeji yangu Zénon, aliagiza yaondolewe kabla ya kuchapishwa. Nilimwambia usoni kwamba nitayasoma hata hivyo, na leo asubuhi nimeyaongezea mengine. Mzee, unisamehe, na unisikilize mpaka mwisho.

Marehemu Scholastique Nabintu alizaliwa Uvira, mtaa wa Mulongwe, tarehe 14 Machi 1974. Alikuwa wa kwanza kati yetu watoto watano. Mwaka 1983 familia ilivuka mpaka ikahamia Musaga, na mama yetu akaanza kupika shikwange, ile mikate ya muhogo, za kuuza. Mihogo ililowekwa siku tano kwenye mapipa nyuma ya nyumba, kisha ikatwangwa na kufungwa kwenye majani ya migomba. Jamani, harufu ile! Ilituingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye madaftari. Watoto wenzetu walitucheka. Mimi nililia, lakini Schola alikwenda kumuuliza mwalimu kwa nini maji ya mihogo yanatoa povu bila moto. Mwalimu akamjibu kwamba ndani yake kuna vidudu vidogo visivyoonekana, vinavyofanya kazi. Kuanzia siku hiyo hatukupumua nyumbani, kila pipa lilikuwa na jina na tarehe.

Alimaliza shule ya msingi Musaga mwaka 1987, na ya sekondari mwaka 1994. Vita vilimkatizia masomo miaka miwili, na wengi wenu mnajua miaka ile ilivyokuwa, sina haja ya kuieleza. Alirudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake, akapata stashahada ya kilimo mwezi Julai 2000.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha unga wa muhogo. Huko alitengeneza chachu yake mwenyewe kutokana na maji ya mapipa ya mama, akachagua vidudu vizuri na kuvilisha kama mtu anayefuga kuku. Kwa chachu hiyo mihogo ililowekwa siku tatu badala ya tano, na ile sumu ya muhogo mchungu ikatoka vizuri zaidi. Mwaka 2004 aliajiriwa kwenye labo, yaani maabara, ya miche, na huko ndiko alikokutana na kazi ya maisha yake. Neno lenyewe, bioteknolojia, alilitamka mbele ya wafadhili tu. Nyumbani alisema "kazi ya chupa". Alichukua muhogo mgonjwa, akauweka kwenye joto wiki kadhaa, kisha akakata kincha chake cha kuotea, kidogo kuliko punje ya mtama, sehemu ambayo ugonjwa haujafika. Kincha hicho akakilea ndani ya chupa, kwenye chakula kama jeli. Kikiota, majani yake yanapimwa. Yakionekana safi, mche mmoja unakatwa kuwa mitano, mitano inakuwa ishirini na tano. Mradi wa labo ile ulipofungwa mwaka 2014 alihamishia chupa zake kwenye chumba cha watoto nyumbani kwake Gihosha, na watoto wakahamia sebuleni. Hakuna aliyeulizwa.

Tarehe 23 Agosti 2003 alifunga ndoa na Zénon, fundi umeme, mtu mpole asiye na maneno. Siku ya mahari nusura ndoa ivunjike. Schola alikuwa ameweka chachu yake kwenye thermosi jikoni, na mimi, kwa haraka, nikaibeba nikidhani ni kinywaji cha wageni. Marehemu baba mkwe wake alimiminiwa wa kwanza. Akanywa. Akafumba macho. Kisha akauliza, akidhani ni pombe ya ndizi, "Hii urwarwa yenu muliikomaza siku ngapi?" Akaomba aongezewe! Schola hakuwahi kunisamehe kwa chachu ile, maana ilimchukua miezi minne kuipata tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Orlane mwaka 2005 na Divin mwaka 2009.

Sasa nifike mahali pagumu. Dada yangu alifanya kosa moja kubwa, na yeye mwenyewe aliniambia nisilifiche. Oktoba 2018 ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulikuwa umeozesha mihogo yote ya akina mama wa ushirika wa Rukaramu. Mnaujua ugonjwa huo: majani yanaweza kuonekana mazuri, lakini ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani, hata nguruwe anaukataa. Akina mama walimjia wakilia. Mvua ilikuwa imeanza, majibu ya vipimo yalikuwa hayajarudi, naye kwa huruma akawapa miche mia tatu. Majibu yakaja wiki tatu baadaye. Mche mama, ule uliozaa yote, ulikuwa bado mgonjwa. Schola alikwenda Rukaramu mwenyewe akang'oa pamoja nao, mche kwa mche, huku anatukanwa. Caritas, kiongozi wa ushirika, alimwambia mbele ya watu, "Ulituletea kifo mu chupa." Alirudi nyumbani. Nilimwambia aache kazi hiyo, arudi kwenye unga.

Hakuacha. Alianza upya, akafanya kazi miaka saba, safari hii na muhogo mtamu ule ule wa Rukaramu, mbegu ya bibi zao, iliyokuwa karibu kupotea kabisa. Hakutoa hata mche mmoja bila majibu mkononi. Mwezi Aprili mwaka huu figo zake zilianza kushindwa. Alikuwa akitoka kusafishwa damu hospitalini, anashuka kwenye gari, anakwenda moja kwa moja kwenye chupa. Nilimfokea. Akaniambia, "We Patricia, mi nikilala hizi nazo zinalala. Uniache." Mwezi Septemba majibu yalirudi: safi. Miche 412 ikatolewa kwenye chupa, ikaoshwa mizizi, ikapandwa kwenye vifuko chini ya plastiki kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Mche uliozoea chupa ni kama mtoto mchanga, unazoezwa hewa kidogo kidogo. Kila siku plastiki inafunguliwa asubuhi na miche inapewa maji. Ukisahau siku ya jua kali, inachemka humo ndani.

Ijumaa tarehe 10 Oktoba aliniita kitandani. Alisema, "Jumamosi ya tarehe kumi na nane ziende Rukaramu. Nikifa, musingojee matanga iishe. Unaniapia?" Niliapa. Akaongeza, "Uniapie tena, nakujua." Nikaapa tena. Jumatatu tarehe 13, saa nne asubuhi, Scholastique Nabintu alitutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Zénon. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Haya yafuatayo hayamo kwenye karatasi zenu. Kwa ukoo wa shemeji yangu, mtu wa nyumbani akifa, jembe linalazwa. Hakuna kulima, hakuna kupanda, hakuna kugusa mmea mpaka siku ya kuondoa matanga, na kwetu imepangwa tarehe 8 Novemba. Jumanne asubuhi mzee Astère aliweka kufuli kwenye kibanda na ufunguo akaondoka nao. Nilimfuata uani nikamwambia miche itakufa. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, mi sina ubaya na miche. Kwetu, mwaka ule tulilima mu matanga ya baba, tulizika watoto wawili kabla mwaka uishe. Mi naogopa kuzika tena." Alikuwa na machozi. Nimheshimu vipi mzee, na nitimize kiapo vipi? Jumanne jua liliwaka. Jumatano pia. Nilisimama nje ya kile kibanda naona plastiki imefanya jasho jeupe kwa ndani, na nyuma yangu wageni wanaimba. Nilimchukia kila mtu siku hiyo, hata marehemu.

Alhamisi alasiri wazee walipokwenda kuangalia mahali pa kaburi, Zénon alitoka chumbani. Alichukua koleo lake la kukatia nyaya za chuma, akakata kufuli, akafungua mlango, akaniambia, "Ingia, shemeji." Tulihesabu pamoja. Miche 125 ilikuwa imeoza imekuwa mlenda. Iliyobaki hai ni 287. Mzee aliporudi na kukuta kufuli chini alikasirika, akasema hakuna mche utakaotoka uani humu kabla ya matanga kuondolewa, na hakuna maji yatakayomwagwa. Zénon aliinamisha kichwa. Mimi nilisema ndiyo, baba. Nilidanganya. Usiku niliipa maji kwa siri, nikamtumia Caritas ujumbe.

Marehemu ameacha mume, Zénon. Ameacha watoto wawili, Orlane na Divin. Ameacha ndugu wanne, mimi nikiwa wa mwisho, pamoja na mashemeji, wakwe, na majirani wengi. Na ameacha mihogo 287, lakini msiitafute Gihosha. Leo, Jumamosi ile ile ya tarehe kumi na nane, saa kumi na mbili asubuhi, kabla mwili haujatoka hospitalini, Caritas na wenzake kumi na wawili walikuja na vikapu. Zénon ndiye aliyewapa vifuko, kimoja kimoja, mkononi. Nilimwambia Caritas asubiri, aje kwanza tuzike. Alinijibu, "Patricia, na siye tunalia. Tutalia tukipanda." Ndiyo sababu hamuwaoni hapa. Sasa hivi, sisi tukiwa tunasubiri kumshusha dada yangu, wao wako shambani Rukaramu na majembe yamekwisha piga ardhi.

Mzee Astère, hukuvunja mila wewe, wala Zénon hakuivunja: yeye alishika vifuko tu, hakugusa mmea. Waliopanda si wa nyumba yako, na aliyewafungulia mlango wa ua ni mimi, mtoto wa Uvira. Kama kuna kitu kinafuata kwa kosa hili, kije kwangu, kiwapite watoto wa dada yangu. Nimeyasema haya mbele ya padri na mbele ya kaburi lililo wazi. Sasa naomba uje, wewe mwenyewe, uwe wa kwanza kumtupia udongo.

Schola, nimefanya ulivyotaka. Bwana akupokee, ulale salama.