Isalilo kwa L, Isariro kwa R

Wasikilizaji wapendwa, kama una chungu jikoni punguza moto, uje ukae. Wakubwa wangu, shikamooni. Leo namkumbuka mtu niliyewahi kumcheka, na naomba sauti isinikatikie katikati.

Jina lake ni Adventina Kokushubira. Tulimwita Mama Prudencia, kwa jina la binti yake. Na sisi Wasukuma, tusidanganyane, tulimwita Mama Pludensia. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa karani wa kijiji chetu cha Isalilo kwa miaka kumi na tisa. Miaka hiyo kumi na tisa ikumbuke, tutaihitaji mbele.

Isalilo iko ukishapita Buzuruga, unaelekea ziwani, pale ambapo mtu akijenga nyumba lazima kwanza apatane na mawe. Leo ni mtaa wa Manispaa. Kuna lami, kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, kuna ghorofa mbili, na moja imepakwa rangi ya zambarau sijui kwa nini. Lakini mwaka 1987, Adventina aliposhuka na mumewe Projest wakitokea Muleba, hapo palikuwa kijiji chenye kaya sitini na nne. Mihogo, ng'ombe, njia za miguu. Mvua ikinyesha ulibaki ulipo.

Projest alipata kazi mjini. Adventina alikuwa na mwandiko mzuri. Mwaka 1989 mwenyekiti wetu, mzee Luhaga, alikuwa na kijiji kizima lakini hana wa kumwandikia. Akampa Mama Prudencia meza, daftari na kalamu.

Alikuwa na utaratibu wake. Barua yoyote aliyokuandikia, aliweka karatasi ya kaboni chini. Ukitaka kwenda shule, hospitali, kuoa, kuzika, anakupa mbili. Anakuambia, "Moja ya huko, moja ya sandukuni." Ukimwuliza ya sandukuni ya nini, anakutazama tu juu ya miwani. Nasi tulikwenda kumwigiza kisimani, hasa mimi.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiona. Wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana redioni herufi hazionekani. Kijiji chetu ni Isalilo, kwa L, L ya Lamadi. Yeye Mhaya, kwa sikio lake la nyumbani, alisikia R. R ya Rorya. Akaandika Isariro. Mzee Luhaga hakujua kusoma. Sisi wengine tuliosoma, tukiona Isariro tulitamka Isalilo bila hata kushtuka. Na kijiji kilikuwa hakina muhuri. Kulikuwa na mkono wake na saini yake, basi.

Mwaka 1994 jirani yetu Dorotea alishikwa na uchungu asubuhi. Zahanati ya karibu zaidi ilikuwa mbali. Wakampakia kwenye baiskeli, Adventina akimshika mgongoni. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kando ya njia, juu ya khanga ya Adventina, na hakulia. Nimeongea na Mama Dorotea mwenyewe juzi. Ana miaka zaidi ya sitini sasa. Aliniambia, "Mayu, mama yule, alinifuta uso kwa kiganja chake. Akasema, hakuna tena mtu wa hapa atakayefia njiani. Alisema kwa hasira, kama anagombana na mtu."

Mwaka uliofuata alimfuata mzee Luhaga mpaka mzee akachoka naye. Mzee akatoa ekari tatu chini ya jiwe kubwa. Adventina akaandika barua: ardhi hii ni ya zahanati, kijiji cha Isariro. Mzee akaweka dole gumba. Shahidi akasaini. Moja ya huko, moja ya sandukuni.

Halafu mji ukaja. Sijui niseme vipi, ulikuja bila kubisha hodi. Watu wa Sengerema walihamia, watu wa Musoma, wa Kagera, wafanyakazi wa mjini waliochoka na kodi za Igogo. Mihogo iling'olewa, misingi ikachimbwa. Mwaka 2008 kijiji kikafutwa, tukawa mtaa. Ukarani wa Mama Prudencia ukaishia hapo, miaka kumi na tisa kamili. Wapimaji wakaja na mambo yao, wakaandika kwenye ramani: Isalilo. Kwa L. Mzee Luhaga akafariki. Zile ekari tatu zikabaki nyasi, watu wakisubiri Serikali ifike.

Mwaka 2021 lilifika katapila.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Lilisimama chini ya jiwe kubwa, linanguruma. Kampuni moja, jina silitaji, ilikuwa na karatasi inayosema eneo hilo la Isalilo halina mwenyewe na wamelipata kihalali. Watu wakajaa. Afisa wa ardhi akaja, mtu mstaarabu, na faili kwapani. Mama Prudencia akatoa barua yake. Afisa akaisoma mara mbili.

"Mama yangu," akasema, "hii barua ni ya Isariro. Kwenye kumbukumbu zetu hakuna kijiji kilichowahi kuitwa Isariro. Hapa ni Isalilo. Barua hii si ya hapa."

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwepo. Niliona uso wake ukipauka. Miaka yote ile alikuwa hajajua.

Mtu mmoja pembeni yake akamnong'oneza, "Sema zamani paliitwa hivyo. Nani atabisha? Wazee wamekufa." Na mwingine nyuma, kwa sauti kabisa, akasema, "Si niliwaambia? Mtu wa kuja huyu. Katuuza kwa kalamu."

Prudencia alikuwa amemshika mama yake mkono. Anasema, "Nilimwambia twende nyumbani. Akautoa mkono wake."

Mama Prudencia akasimama juu ya jiwe dogo ili watu wamwone. Akasema, "Hapajawahi kuitwa Isariro. Kosa ni langu. Mimi ni Mhaya, niliandika nilivyosikia."

Watu wakaguna. Dereva wa katapila, kule mbele, akaongeza moto.

Afisa akasema, "Mama, nakuamini. Lakini mtu yeyote anaweza kushika barua ya mahali pengine akasema alikosea herufi. Nitathibitishaje?"

Na yeye akajibu maneno ambayo Isalilo hatutayasahau. "Mwanangu, sikukosea mara moja. Nimekosea miaka kumi na tisa." Akatugeukia sisi. "Nendeni majumbani. Fungueni masanduku."

Afisa akatazama saa. Akasema atasubiri mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo, katapila lifanye kazi yake.

Niliwaona watu wazima wakikimbia siku ile. Mimi nilikimbia. Kwa mama yangu kulikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake nakala yangu ya mwaka 1998, ya kwenda sekondari. Wino wa kaboni umefifia, lakini unasomeka: Mihayo, wa kijiji cha Isariro, jirani na mzee Luhaga. Barua ya mtu niliyekuwa namwigiza kisimani. Nilikaa sakafuni, nikaona aibu.

Tukarudi. Mmoja ana barua ya ndoa. Mwingine ya kuombea kazi. Mwingine ya hospitali. Nyingine zimeliwa na mchwa kona. Zote Isariro, na zote za watu waliosimama pale pale Isalilo, kila mtu na nyumba yake anaionyesha kwa kidole. Afisa alikuwa anazipanga juu ya boneti ya gari. Ilikuwa imebaki robo saa.

Wa mwisho kufika alikuwa Mama Dorotea. Hakukimbia, magoti hayamruhusu. Alikuwa na fundo la khanga. Akalifungua taratibu, wote tunamtazama. Ndani kulikuwa na karatasi moja, ya kibali cha kuzika, 1994. Afisa akaisoma kwa sauti, nafikiri hakujua anasoma nini mpaka alipofika katikati. "Mtoto wa Dorotea, hakupewa jina. Azikwe kijiji cha Isariro, chini ya jiwe kubwa, upande wa ziwani."

Akanyanyua macho. Jiwe kubwa lilikuwa pale nyuma ya katapila.

Mama Dorotea akasema, "Nakanyaga pale kila Jumapili, baba. Utaniambia mwanangu hakuzikwa hapa?"

Afisa akavua kofia. Akamwendea dereva, akamwambia, "Zima." Katapila likazimwa.

Ilichukua miezi saba ya barua na vikao, lakini ekari tatu zikarudi. Mwaka 2024 zahanati ya Isalilo ikafunguliwa. Kwa L. Mama Prudencia mwenyewe alisimama chini ya ngazi ya mchoraji wa bango, akimsomea herufi moja moja.

Jumanne ile presha ilimpanda akiwa anachambua mboga. Prudencia na majirani walimbeba, dakika sita tu, mpaka zahanati. Wauguzi walifanya walichoweza. Prudencia anasema, "Nililia, kaka Mihayo. Lakini mama hakufia njiani. Alifia kitandani, mtu amemshika mkono."

Ndugu walikuja kutoka Muleba kumchukua, akazikwe kwao. Wakakuta ameacha maneno: Isalilo. Walikubali kwa shingo upande. Siku ya maziko, fundi wetu Masele alileta msalaba. Kafanya kazi nzuri, mninga mtupu, herufi za kuchonga. Ameandika: ADVENTINA KOKUSHUBILA. Kwa L.

Makaburini pakachafuka. Kaka wa marehemu, mjomba wake Prudencia, akasema jina la watu haliandikwi hivyo, msalaba urudi. Masele maskini hakuelewa amekosea wapi, akawa anarudia, "Si Kokushubila? Si ndiyo hivyo nimeandika, Kokushubila?" Jeneza lipo chini, wanaume wamesimama uso kwa uso.

Prudencia akaenda akaushika ule msalaba. Akasema, "Mjomba, uache. Mama aliwaandika vibaya miaka kumi na tisa, na hawakumkataa."

Akausimika mwenyewe. Mjomba ndiye aliyeshika jembe la kwanza.

Prudencia, pole sana. Ndugu wa Muleba, poleni, na asanteni kwa kutuachia. Isalilo yote, poleni. Mungu ampumzishe karani wetu. Na wewe unayenisikiliza, mtaa unaokaa leo kuna mtu aliuandika kwanza, pengine alikosea, pengine ulimcheka. Kama bado yupo, mpelekee salamu leo hii. Mimi wangu nilichelewa.

Nimekuwa nanyi mimi Mihayo, wa Isalilo. Kwenye barua yangu, ambayo ipo hapa mezani, wa Isariro.