Luzi Flütsch, Aliyetutabiria Theluji

Mchungaji Conrad, ndugu, majirani, na nyinyi wateleza theluji mliopanda kutoka mijini mkiwa bado na majaketi yenu ya rangi kali, karibuni, maana Luzi angefurahi kuwaona hivyo hivyo mlivyo. Mimi ni Menga, mdogo wake, na familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya maisha yake, kuanzia alipoanzia hadi alipoishia, bila kuficha yale ambayo kijiji kizima kinayajua.

Luzi alizaliwa tarehe 14 Februari 1951, hapa Valdrusch, katika nyumba ya mbao iliyo juu ya kiwanda cha jibini, akiwa mtoto wa kwanza wa Christian na Anna Flütsch, wafugaji wa ng'ombe, na mama alikuwa akilalamika mpaka uzeeni kwamba saa ile ya uchungu baba alikuwa juu ya paa, anaondoa theluji kwa koleo. Alisoma shule ya hapa kijijini, kisha sekondari kule Schiers hadi mwaka 1967, akiwa mzuri wa hesabu na mbaya sana wa kuimba, jambo ambalo kwaya ya kanisa hili ililivumilia kwa miaka mingi. Alijifunza useremala, akahitimu mwaka 1971, na mwaka uliofuata akaajiriwa kutunza lifti zinazopandisha wateleza theluji kwenye mlima wetu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu.

Kazi iliyompa jina, hata hivyo, hakuajiriwa na mtu kuifanya. Ilianza majira ya baridi ya mwaka 1978, alipoweka ubao mweupe nyuma ya zizi, akawa kila alfajiri anapima theluji iliyoanguka juu yake, anaufagia, anatazama upepo umekaa upande gani, anasikiliza redio, halafu anakwenda kuandika kwa chaki kwenye mlango wa duka la mikate theluji itakayoanguka kesho yake. Alijua kwamba upepo ukigeuka kutoka magharibi kwenda kaskazini-magharibi, mawingu yanakwama kwenye mlima wetu na kumwaga kila kitu hapa, na alijua pia ni lini itaanguka ile theluji kavu ya unga, ambayo ukiipuliza kiganjani inaruka, na ambayo kwa ajili yake watu wazima wenye akili zao hudanganya kazini kwamba wanaumwa. Baadaye chaki ikawa simu yenye sauti iliyorekodiwa, simu ikawa mtandao, na watu wa Zurich na Munich wakawa hawafungi mizigo kabla ya kumsoma Luzi.

Tarehe 12 Mei 1979 alifunga ndoa na Ursulina Jenny, katika kanisa hili, na tarehe 3 Novemba 1982 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Seraina, aliyeko hapa mbele. Ursulina alitutoka mwaka 2003, na sote tuliona jinsi Luzi alivyozidi kushikamana na mawingu yake baada ya hapo.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka. Krismasi ya mwaka 2009 Luzi alitabiri sentimita sabini, hoteli zikajaa, na usiku wa kuamkia sikukuu ukaingia upepo wa joto wa kusini, ikanyesha mvua hadi kileleni. Gaudenz Thöny, mwenye hoteli, ambaye namwona ameinamisha kichwa pale nyuma, na asiinamishe, kwa kuwa sote tulicheka, alimwita mbele ya watu dukani: "Bwana Luzi, wageni wangu niwape ski au miavuli?" Luzi naye akacheka, akanunua mkate wake, akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakuandika tena kile alichokiamini. Akiwa na hamsini moyoni aliandika thelathini, akiwa na thelathini aliandika ishirini, ili wageni wakiamka wakute nyingi kuliko walivyoahidiwa wafurahi, na kweli walifurahi, wakamsifu kuliko zamani. Sisi wa hapa tulimgundua upesi, tukafanya mzaha wetu, "Kama Luzi kasema thelathini, wewe beba koleo la hamsini," na kila mtu akawa anajiongezea mwenyewe kichwani. Hatukuona ubaya wake, maana sote tulijua kuongeza.

Tobias Wirz, mume wa Seraina, hakujua. Alikuwa mtu wa Basel, mpole, aliyempenda baba mkwe wake na kumwamini neno kwa neno, na walikuwa wameoana miaka miwili tu walipokuja kupumzika huku mwezi Januari 2014. Jumamosi tarehe 18 alisoma katika utabiri wa Luzi kwamba ni thelathini, akahesabu kwamba korongo la nyuma ya lifti ya juu linaweza kubeba thelathini, akaenda kabla Luzi hajateremka kutoka kazini, na zilikuwa zimeanguka hamsini na tano. Maporomoko yalimfunika, na waliomtoa, wengine mko hapa, mlimtoa akiwa amekwisha kufa.

Siku ya mazishi, pale mlangoni, Seraina alimwuliza baba yake, nami nilisikia: "Baba, moyoni ulikuwa na ngapi?" Akamjibu, "Hamsini." Akamwuliza, "Sasa kwa nini hukuandika hamsini?"  Kuanzia kesho yake Luzi aliandika alichokiamini, kikubwa au kidogo, na aliyekasirika akakasirika, lakini kwa binti yake ilikuwa imechelewa. Seraina alipiga simu kila sikukuu, aliuliza habari za mgongo wake na paka wake, ila habari za hewa hakumwuliza hata mara moja, na kila alipotaka kupanda huku aliwauliza wafanyakazi wa barabara. Luzi alilijua hilo, nalo lilimuuma kuliko ugonjwa uliomwua.

Ugonjwa huo, saratani ya kongosho, uligunduliwa Septemba 2023, na mwishoni mwa Januari madaktari walimruhusu arudi kufia kitandani kwake, kama alivyotaka. Jumatano tarehe 31 simu ililia, nikamwekea sikioni, nikasikia sauti ya Seraina: "Baba, nije lini?" Luzi akatazama chati zake za hewa, akasema, "Kesho zitaanguka themanini, barabara itafungwa. Usitoke mwanangu, njoo Jumamosi." Akajibu, "Sawa, Baba."

Alhamisi jua liliwaka. Dhoruba ilipita kaskazini yetu, ikaenda kumwagia Austria kila kitu, na barabara ilikuwa kavu kutwa nzima. Asubuhi nilimwambia, "Kaka, nimwite mtoto?" akasema, "Ngoja, inakuja," mchana akasema vilevile, na jioni ndipo alipokubali, nikampigia, naye akaondoka Ijumaa kwa treni ya kwanza. Luzi alifariki Ijumaa hiyo, tarehe 2 Februari 2024, saa nne na nusu asubuhi, Seraina akiwa anatoka kwenye treni na kuingia basi la huku, kule Landquart.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliotuletea supu na kuni, wenzake wa lifti mlioichonga njia ya kaburini kwenye theluji tangu jana, na Gaudenz, aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake ili mimi nipate usingizi.

Na wewe Seraina, mwanangu, tangu Ijumaa umekuwa ukiniambia kwamba kama ungeangalia kwingine, hata mara moja, ungemkuta hai. Ni kweli, ungemkuta, nami nasikitika kuliko ninavyoweza kusema. Lakini Alhamisi ile jioni, nilipokata simu, nilidhani nitamkuta analia kwa aibu ya kukosea, kumbe alikuwa amelala anatabasamu kwenye mto, akaniambia, "Menga, aliniuliza mimi. Hakumwuliza mwingine yeyote."

Kaka yangu Luzi, lala kwa amani, mtoto amefika.