Nusu Saa ya Kukwangua Kulabu

Ndugu waombolezaji, Mama ameniomba nisome mimi, kwa kuwa kaka yangu amejaribu mara mbili na hajavuka mstari wa kwanza.

Baba yetu, ambaye kiwandani walimwita Mzee Poda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa nne wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi hadi 1983, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha uchomeleaji tarehe 30 Novemba 1987.

Tarehe 2 Februari 1991 aliajiriwa na kiwanda cha mageti, na mwaka 2004 akahamishiwa chumba cha rangi ya unga, kazi ambayo wengi huiona ni kupuliza tu, kumbe ile bunduki ya kupulizia huupa unga chaji ya umeme, unga ukakimbilia chuma na kukiganda kama kupe, mradi kulabu inayoning'iniza chuma iwe safi, chaji ipate njia ya kushuka ardhini. Kulabu ikivaa rangi ya jana na juzi, chaji hukosa pa kwenda, hujilimbikiza, ikangoja kuruka cheche. Kwa hiyo kila asubuhi Baba alikwangua kulabu nusu saa nzima, na hata sisi tukienda kwenye mtihani alituuliza, "Mmekwangua kulabu?"

Tarehe 6 Desemba 1997 alimwoa Mama, fundi cherehani, aliyemwonya mapema kwamba kitandani kwake halali mtu mwenye masizi ya kiwandani, wakajaliwa kaka yangu mwaka 2000 na mimi 2003. Alitusimulia jinsi chaji itakavyosafisha moshi wa viwanda na kuendesha magari bila tone la mafuta, na hakuwahi kuiogopa, aliiheshimu.

Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, msimamizi alisema mageti sitini yanasubiriwa, na kwamba kulabu hazijawahi kumla mtu. Baba, nalisema kwa uchungu, alikubali kuanza bila kukwangua. Saa nne asubuhi cheche iliruka, unga uliojaa hewani ukashika moto, akaungua, na baada ya siku kumi na moja wodini, tarehe 19 Mei, saa tatu asubuhi, alituacha.

Tangu hapo nyumbani tunaogopa. Mama hathubutu kuvua sweta, kwa zile cheche ndogo zinazolia masikioni, na karatasi hii ninayoisoma imechapishwa kwa wino wa unga unaovutwa na chaji ileile. Lakini hofu kubwa ni Jumatatu, kwa maana kaka ameitwa kushika nafasi ya Baba, katika chumba kile, na jana alikwenda kuangalia, akakuta kulabu bado nene kwa rangi. Msimamizi, uko safu ya pili, nami sikutukani, nakuuliza tu mbele ya jeneza: nusu saa ile ingekupunguzia nini?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeraha ya moto, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake waliovunja mlango wa chumba kile kwa mikono mitupu ili kumtoa, ambao asubuhi ya leo wameahidi kwamba Jumatatu hakuna atakayegusa bunduki kabla ya kukwangua.

Pumzika kwa amani, Baba. Kulabu zilizobaki ni zetu.