Kujuana kwa Masini

Kijiwe chao pale Likasi kilikuwa ubao tu juu ya matofali, mbele ya jiko la Mama Christiane muuza kahawa. Mwaka ule wa 1999 mishahara ilikuwa hadithi, basi wanaume walinyonya kikombe kimoja asubuhi nzima wakibishana. Kalombo alikuwa amerudi juzi tu kutoka Kasai. Yeye na mkewe walifukuzwa mjini mwaka 93, kosa lao kuwa Wakasai. Nyumba yao, ile ng'ambo ya barabara, walimwachia jirani Willy aitunze. Willy alihamia humo na wanawe. Kalombo alikuwa bado hajamuuliza habari ya nyumba. Mkewe Emérance alikuwa bado njiani kwa treni, naye hakujua lolote la hayo.

Na Willy, aliyeketi naye ubaoni, aliongea bila kukoma. Alikuwa ametoka Lubumbashi, ameona Internet kwenye kompyuta.

— Masini ile, bantu ba dunia yote biko mule. Unaona Bajapani vile banakula, vile banazika. Ukijua mila ya mwenzako, hauwezi tena kumuchukia.

— Na beye banatuona? aliuliza Constantin, mjuzi wa kila jambo, ndiyo maana wakamwita Waziri.

— Banatuona.

— Basi kabila inaisha. Tutaoa kwa masini, bibi wa Kanada, shemeji wa China. Batoto batazaliwa bila kwao.

Kalombo aliweka kikombe chini.

— Shambuyi.

Ndivyo Wakasai wanavyomwita baba wa mapacha. Emérance ndiye aliyempa Willy jina hilo, usiku alipowaimbia mapacha wa jirani huyo nyimbo za kwao, akawaita Mbuyi na Kabanga kama desturi ya Kasai.

— Weye ulikosa kujua nini ya kwetu? Bukari yetu ulikula. Mama yangu alikufa, ulilala chini ku matanga sawa mutoto wake. Masini haikukuwako. Na siku banatufukuza, ulifanya nini?

— Nilibeba godoro yenu mpaka ku gare ya treni, Willy alisema chinichini.

— Ulibeba, kweli. Kisha ulirudi kulala wapi?

— Pengine masini ingekuwa hapa mu 93..., Waziri alianza.

— Nyamaza, Waziri. Huyu alinijua mpaka ndani ya chungu.

Hapo Emérance akatokea, furushi kichwani, vumbi mpaka magotini. Alimkumbatia Willy kabla ya mumewe, akauliza hali ya mapacha, akamshukuru kwa miaka yote ile. Akaketi, akavua viatu.

— Shambuyi, miye ninachoka. Nani iko na funguo ya nyumba?

Willy alimtazama Kalombo. Kalombo akageuza uso, amwache ajibu mwenyewe.